Picha ya Daktari wa Mlimani

Wete, 30 Agosti 2024

Kwa Mwalimu Kauthar,

Assalaam alaykum. Mie mzima, na charahani yangu nzima. Bi Asya kapita dukani jana na kapu lake la samaki, kanipa bahasha yako na flashi ndani yake. Kasema mbele ya mafundi wenzangu wote, "Haya, mchumba wa mpangaji wangu, jibu nitalipitia Jumamosi." Mpaka sasa wananiita hivyo, hata wakitaka mkasi.

Nikwambie kweli, babaako Mzee Ngwali alipoipokea posa yangu kule Shumba akasema simu hakuna mpaka nikahi ila barua ruhusa, kwa kuwa yeye na mamaako walijuana kwa barua, nilitoka pale nimechoka. Nitamwandikia nini mwalimu wa skuli? Ukurasa mzima niliuandika mara ya mwisho kwenye mtihani wa kidato cha nne, na majibu yake unayajua, maana nimekuwa fundi wa kanzu. Kwa hivyo ulipoleta shauri lako, kuwa utanitumia picha unazotazama na mwenzio Benedicta, nami nikwambie nizionavyo, nilishukuru. Picha nnatazama. Televisheni iko juu ya kabati la vitambaa na kutwa inawaka.

Basi nnaanza. Ile ya Kihindi, ya ndugu wawili wanaogombea duka la vitamu la baba yao, nimeipenda nusu. Walipopanda juu ya paa wakaanza kurushiana masinia ya vitamu nilisikitika, vile vitamu vyote na hakuna aliyekula. Lakini yule mkubwa shati lake limekatwa na mtu anayejua. Mabega yamekaa, kola haikunyanyuka hata alipoanguka. Niliisimamisha picha nikasogea karibu kuangalia mshono.

Ile ya kutoka Dar, ya jini aliyepanga chumba, imenichekesha pale isipokusudia. Jini gani anabisha hodi? Na kanzu yake imeshonwa kwa kitambaa cha pazia. Kitambaa kile nakijua, ninacho hapa dukani.

Hayo ndiyo maoni yangu. Kama ni ya kijinga usiwasomee wanafunzi.

Mjaka Hafidh


Kojani, 7 Septemba 2024

Ndugu Mjaka,

Waalaykum salaam warahmatullah. Wanafunzi sikuwasomea, ila Benedicta nimemsomea, na Bi Asya kasikiliza mlangoni akijifanya anapepeta mchele. Tumecheka sana. Benedicta kwao Kigoma, na anasema tangu aletwe Pemba hajapata kusikia mtu akimhukumu jini kwa kitambaa.

Sasa na mie niseme. Ya ndugu wawili mie nililia, hasa pale mamaao anapokaa peke yake jikoni akipima sukari kwa ajili ya sikukuu huku wenyewe wako polisi. Wewe uliona kola, mie niliona mama. Ya jini nakupinga. Jini kabisha hodi kwa kuwa ana adabu, na hilo ndilo lililomtisha mwenye nyumba. Angeingia ukutani kama majini wengine asingeogopwa na mtu. Bi Asya anakubaliana nami. Tangu siku ile mtu akibisha hodi magharibi anauliza kwanza jina la baba yake.

Tunatazama kwenye laptop yangu baada ya alasiri, tukishamaliza kusahihisha madaftari. Jirani wanakuja na mikeka yao, na mwisho nyumba inajaa hata pa kuweka birika hapapatikani. Nilipopangiwa skuli hii kila mtu kwetu alinipa pole. Kisiwa kidogo, boti kwenda, boti kurudi. Nami nilifikiri nitaomba uhamisho nikimaliza mwaka. Sikuomba.

Nimekuwekea picha mbili mpya. Moja ya polisi na mbwa wake, hiyo ya kupumzisha akili. Ya pili ni ya daktari wa mlimani, ya Kituruki, imetiwa sauti ya Kiswahili. Hii naipenda kuliko zote nilizotazama mwaka huu, na sitakwambia kwa nini. Itazame mpaka mwisho, kisha uniandikie uonavyo wewe, usinipambie.

Baba kasema harusi iwe likizo ya Disemba, inshallah.

Kauthar Ngwali


Wete, 19 Septemba 2024

Kwa Mwalimu Kauthar,

Assalaam alaykum. Samahani nimechelewa. Wiki ya Maulidi kanzu zilinijaa mpaka zikaning'inia mlangoni, na kila mwenye kanzu alikuwa na haraka kuliko mwenziwe.

Picha ya polisi na mbwa wake nzuri sana. Yule mbwa ana akili kuliko bosi wao. Koti la polisi lakini limenikera. Linabana makwapani, akinyanyua bastola unaona mshono unalalamika. Mtu hawezi kukamata majambazi na koti la namna ile. Na yule jambazi mkuu ndiye aliyevaa suti iliyokaa. Labda ndiyo maana walichelewa kumshuku.

Ya daktari wa mlimani nayo nzuri, ina mafunzo. Yule mwanamke kaipenda kazi kupita kiasi. Kamwacha mume mjini na tanuri lake la mikate, kaenda kutibu watu kwenye theluji, na aliporudi kaukuta mlango umefungwa. Nnaona mume kafanya sawa. Mke pahala pake ni kwake, na kazi ikimweka mbali na mumewe basi ya kuachwa ni kazi. Mwisho analia ndani ya basi, lakini majuto ni mjukuu. Picha yenye maadili, hata watoto wanaweza kuitazama.

Jengine. Nataka nguo yako ya harusi niishone mwenyewe. Vipimo Bi Asya anaweza kukuchukua, anipe. Kitambaa nshakiona, rangi ya maziwa, sikitaji zaidi nisije nikakiharibu kwa maneno.

Mjaka


Kojani, 28 Septemba 2024

Ndugu Mjaka Hafidh,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na flashi imefika salama. Ahsante.

Skuli tuna matayarisho ya mitihani, kwa hivyo picha tumezisimamisha kwanza. Sina mpya ya kukutumia. Kuhusu vipimo, muda haujapatikana.

Wasalimie nyumbani.

Kauthar Ngwali


Shumba Viamboni, 20 Oktoba 2024

Mwanangu Mjaka,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa mkono wangu kwa kuwa jambo hili si la kutumiana watu.

Binti yangu alikuja kututazama mwisho wa wiki. Baada ya chakula kaniambia, "Baba, naomba tarehe isogezwe." Nikamuuliza kuna nini. Kanijibu hakuna kitu. Nimelea mabinti, na hiyo hakuna yao naijua. Mamaake kamwuliza jikoni, naye kapewa hakuna hiyo hiyo.

Barua zenu sijazisoma na sitozisoma. Ila nikuhadithie jambo. Nilipomposa mamaake nilimwandikia neno juu ya shamba la wazee wake, nikidhani namchekesha. Kumbe babaake alikuwa ndio kwanza kaliuza kwa dhiki. Sikupata jibu mpaka karafuu za mwaka ule zikamalizika kuchumwa. Neno baya halina makelele, mwanangu. Linatoka mdomoni limevaa nguo nzuri.

Kwa hivyo sikulaumu. Nakwambia tu, lipo neno umelisema, litafute. Tarehe nimeisimamisha. Posa sijairudisha.

Babaako,
Ngwali Mmanga


Wete, 27 Oktoba 2024

Kauthar,

Assalaam alaykum. Babaako kaniandikia. Hakuniambia neno lenyewe, wala halijui, lakini mie sikuhitaji kulitafuta mbali.

Sikuitazama ile picha ya daktari; ya polisi tu ndiyo niliyoiwahi. Wiki ile ya Maulidi televisheni ya dukani ilikufa kioo, ikawa inasema tu haionyeshi. Kaka yangu Yussuf akaichukua flashi, akatazama kwake, na asubuhi yake akaja kunihadithia huku mie nimeinamia kanzu za watu. Nami niliona haya kumwambia mwalimu kwamba kazi aliyonipa sikuifanya. Nikayaandika ya Yussuf kama yangu, na hata yale ya majuto ni mjukuu ni yake.

Nilipoipata barua ya babaako nilifunga duka, nikaenda kwa Yussuf. Yeye hakuwepo. Shemeji yangu Moza alikuwa anakuna nazi, nikamuuliza picha ya daktari ilikwishaje. Kaniangalia. "Wewe umeelezwa na Yussuf?" Nikamwambia ndiyo. Kasema, "Yussuf alisinzia kuanzia harusi mpaka basi. Kaa hapo nikuwekee." Yussuf alikuwa kainakili picha kwenye flashi yao kabla sijakurudishia yako. Tukakaa, yeye na mbuzi yake ya nazi, mie na aibu zangu, tukaitazama mwanzo mpaka mwisho.

Sasa nakupa maoni yangu, na haya ni yangu.

Koti lake. Lile la kijivu, zito, linalofika magotini. Tangu anashuka basini siku ya kwanza kule mlimani, kifungo cha pili kutoka juu hakipo, na upepo unaingia pale pale kifuani. Yule bibi mwenye kondoo akamfungia kwa kamba. Baridi yote ile anatibu watu na kamba kifuani. Na mumewe anakuja kumtazama mara moja tu. Anakaa, anakunywa chai, na macho yake, wallahi nimemwona, macho yake yanatua pale kwenye kamba. Kisha anaanza kuzungumza habari za wateja wake wa mikate. Niliisimamisha picha pale. Moza kadhani nimeona mshono. Nikamwambia hapana, nimeona mwanaume anayemwona mkewe na baridi, asiulize sindano iko wapi.

Yule mama mjamzito waliyemburuta juu ya theluji kwa ubao wa mlango, Moza kalia. Nami sikuwa mbali. Mikono ya daktari inatetemeka kwa baridi, lakini akimgusa yule mama inatulia. Mtu mwenye mikono kama ile utamwambia aiache kazi?

Na pale mwisho, Yussuf kasema analia ndani ya basi. Niliirudisha nyuma nikaitazama tena. Halii. Kashuka mjini, mlango umefungwa, kabisha, kangoja, kisha karudi basini, na mwanamke wa kiti cha pembeni kampakatisha mtoto ili apate kufunga mzigo. Anamtazama yule mtoto, anacheka. Ana huzuni, ndiyo, lakini anacheka, kwa kuwa anajua anakokwenda.

Mwenye tanuri ndiye aliyekosea. Kwani watu wa mlimani hawali mkate?

Nimemuuliza Bi Asya habari za mafundi wa Kojani. Kasema wapo, tena wazuri, ila kanzu za harusi watu bado wanavuka kuja Wete. Charahani yangu inaingia ndani ya boti, nimeipima. Siku za skuli tukawa Kojani, mwisho wa wiki tukaja Wete nikachukua kazi za huku. Sikwambii haya ili unihurumie. Nimekaa nayo siku kadhaa nikayageuza ndani nje kama kanzu, sikuona pahala palipoachia.

Kama shauri hili hulitaki, niambie. Kama hunitaki mie, pia niambie, nitakuelewa. Ila nisikataliwe kwa maneno ya Yussuf.

Mjaka


Kojani, 9 Novemba 2024

Mjaka,

Waalaykum salaam. Barua yako niliisoma chumbani, kisha nikatoka nayo uani nikaisoma tena kwenye mwanga, maana ya kifungo sikuyaamini. Nikaiwasha picha. Nimeitazama mara nyingi kuliko mtu yeyote Pemba hii, na kile kifungo sikupata kukiona. Niliona kamba tu. Nilidhani ndivyo wanavyovaa huko.

Benedicta alinambia siku ile ile ilipokuja barua yako ya Septemba. Kasema, "Huyu hajaitazama. Fundi aliyekitambua kitambaa cha pazia kwenye kanzu ya jini, atakosaje kuliona koti?" Nami nikamjibu kaitazama, na alichokiona ndicho kilichomo moyoni mwake. Niliudhika naye mpaka tukasahihisha madaftari vyumba mbalimbali. Jana nimemwomba radhi. Kasema radhi anaipokea kwa pweza wa nazi, nami nimempikia.

Nikwambie kwa nini naipenda. Kabla yako alikuja mtu mwengine kwa baba, mtu mwenye heshima zake, hana baya. Akanitaka nichague, yeye au Kojani, na akalisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuuliza chai au kahawa. Nilichagua, na sikujuta, lakini nilibaki naogopa kwamba kila atakayekuja atakuwa na vikombe viwili hivyo mkononi. Ulipoandika yale nikaviona.

Lakini usidhani nimemaliza na wewe kwenye ubishi. Daktari naye ana kosa. Baridi nzima hakumwandikia mumewe hata mstari mmoja. Alikuwa na kalamu, aliwaandikia wagonjwa dawa, na basi lilikuwa linashuka mjini kila wiki. Angemwandikia kwamba anaona baridi. Pengine yule mwanaume hakuwa mbaya, alikuwa mzito tu, na mzito huambiwa. Hilo nimeliona safari hii, na limenigusa pahala, kwa sababu mie nilikunyamazia mwezi mzima kwa neno ambalo ningeweza kukuuliza kwa mstari mmoja.

Kwa hivyo sasa nasema. Shauri lako nalitaka. Nawe nakutaka. Nimeandika, na sifuti.

Nilikwenda Shumba nikamwambia baba tarehe irudi palepale. Kachukua kofia yake akatoka, na mama anasema alikwenda moja kwa moja kwa mpishi wa biriani.

Vipimo anavyo Bi Asya kichwani. Nilitaka kumwandikia, kakataa, kasema bei za soko zima anazikumbuka sembuse mwili wa mtu mmoja. Mwulize haraka kabla hajavichanganya na bei za samaki wake.

Kauthar


Kojani, 14 Disemba 2024

Kauthar wangu,

Assalaam alaykum. Wewe uko Shumba umefungiwa na kina mama, na mie niko kwenu Kojani. Natumai unaona kichekesho chake.

Nimekuja kutengeneza chumba chetu. Charahani imevuka salama. Mabruki mwenye boti kaifunga kwa kamba kama mgonjwa, na watu wote wakabanana upande mmoja ili ikae sawa. Chumba kina dirisha linalotazama skuli yako. Nimeiweka charahani pale, mwanga unaingia vizuri mpaka alasiri. Kwenye ukuta kumetoka chokaa, nitapaka kabla hujaja.

Jana Bi Asya kafungua ukumbi wake, Benedicta kaleta laptop, na jirani wakaja na mikeka. Sijapata kuona watazamaji kama hawa. Tulitazama picha ya Kichina, ya mzee mvuvi ambaye siku za ujana wake alikuwa mpiganaji, na wabaya wanakuja kumfuata mpaka pwani. Mzee anawapiga wote, anaruka juu ya mawe, mie nimetoa macho. Lakini wanaume wa huku hawakushughulika na mateke. Mmoja kasema wavu wa yule mzee umefumwa ovyo, samaki wote watapita. Mwengine kasema boti lile likiguswa na wimbi linapinduka, kalichonga nani. Wakabishana mpaka picha ikaisha, na aliyekufa mwisho hawakumjua. Nikaona nimefika nyumbani. Mie nilikuwa naangalia kilemba cha mzee, kinafungwaje kisidondoke.

Benedicta kaniuliza maoni yangu. Nimemwambia picha nzuri, ila yule mzee angekuwa na mke wa kumwambia apumzike, isingekuwa ndefu hivyo. Kasema atakuandikia unijibu.

Nguo yako imekwisha. Sitakwambia zaidi. Kina mama wa Shumba wamekataa nisiilete mwenyewe, itakuja na Moza.

Na sasa nikuhadithie lililonipata asubuhi hii, ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Nilikuwa nimeinama natia mafuta charahani, nikasikia sauti ya mwanamke nje. "Hodi. Mume wa mwalimu yupo?" Sikuinua kichwa. Nikadhani kuna mwalimu mwengine jirani, na mumewe anatafutwa. Akaita tena. Wete, tangu nimeshika sindano, mie ni Fundi Mjaka, na kabla ya hapo nilikuwa mdogo wake Yussuf. Bi Asya kapita na ndoo yake, kanisukuma bega. "Si wewe huyo? Itika."

Nikamwambia nikahi bado, ni wiki ijayo. Bi Asya kaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa, akaenda zake.

Yule mama alikuwa kasimama mlangoni na sare ya skuli mkononi, imepasuka begani. Kasema skuli itafunguliwa Januari, na mwalimu wao hapendi mtoto aje na nguo iliyopasuka, kwa hivyo kaona ailete mapema. Kisha akaniita kwa mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mwenziwe jina.

"Mume wa mwalimu."

Nikaitika.

Mjaka